Sinema za nyumbani za watalii wa Ulaya baada ya vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakisikia kwamba jioni zangu nyingi zinaishia kwenye likizo za Wazungu nisiowajua, wengi wao marehemu, swali la kwanza huwa moja: kwani huchoki? Nachoka sana. Mnara wa Eiffel nimeuona ukipandwa na kamera toka chini hadi juu mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za nyumba ninayoishi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayofuata baada ya hilo, na nimeyajibu kwa kadiri yanavyostahili. Mengine yana mengi ndani yake, mengine sentensi mbili zinatosha.

Unazungumzia filamu gani hasa?

Ni mikanda iliyopigwa na watu wa kawaida, si wa studio wala wa idara ya habari, walipokuwa wakitalii Ulaya tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Wapo Wamarekani waliovuka Atlantiki, Waingereza waliopakia magari yao kwenye feri, Wajerumani na Waholanzi walioteremka Italia kulifuata jua.

Mingi ni ya milimita 8, aina iliyotolewa na Kodak mwaka 1932. Wenye fedha walitumia milimita 16, iliyokuwapo tangu 1923. Kuna pia milimita 9.5 ya Pathé, iliyotoka Ufaransa mwaka 1922, na hiyo huwezi kuikosea: tundu lake liko katikati, baina ya picha na picha, badala ya kuwa pembeni. Mwaka 1965 ikaingia Super 8 ndani ya kasha lake la plastiki, unachomeka tu na kuanza kupiga.

Nani alikuwa na uwezo wa kusafiri, tena na kamera?

Mwanzoni wachache mno. Uingereza ilishinda vita ikabaki haina fedha za kigeni, kwa hiyo serikali ikaweka kikomo cha fedha ambazo msafiri angeweza kutoka nazo. Kikomo hicho kilipanda na kushuka kama bei ya sukari. Hata mwaka 1966 kilishushwa tena hadi pauni 50 kwa mtu. Mmarekani alikuwa na dola, na dola ndiyo Ulaya yote ilikuwa ikiitafuta. Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya ulioanza mwaka 1948, uliwahesabu watalii hao kuwa sehemu ya dawa ya uchumi, ndiyo maana nchi zilizokuwa bado na kadi za mgao wa chakula zilikuwa tayari zinachapisha mabango ya kuwakaribisha wageni.

Kisha mlango ukafunguka kidogo kidogo. Mwaka 1950 mfanyabiashara wa safari Vladimir Raitz aliwarusha Waingereza hadi Calvi, kisiwani Corsica, wakalala kwenye mahema, kwa bei moja ya pauni 32 na shilingi 10 iliyojumlisha ndege na chakula. Ufaransa iliongeza likizo ya malipo kutoka wiki mbili hadi tatu mwaka 1956. Fiat 600 ilitoka mwaka 1955, na familia za Kiitalia zilizokuwa zikipanda baiskeli zikaanza kubanana humo na mizigo ikiwa imefungwa juu.

Kamera nayo ilishuka bei. Brownie ya sinema ya Kodak ilipotoka mwaka 1951 iliuzwa Marekani chini ya dola 50. Mwenye Bolex, kamera ya bei ghali ya kampuni ya Paillard ya Uswisi, huyo alikuwa mtu mwingine, na kwa kawaida alitaka ujue.

Mbona kila mkanda una vitu vilevile?

Kwa sababu ya dakika nne. Mkanda mmoja wa milimita 8 ukipigwa kwa picha 16 kwa sekunde unakupa dakika nne na sekunde kidogo, basi. Mtu anayekwenda wiki mbili na mikanda mitatu hachezei. Anafungua kitabu cha mwongozo, anaona Big Ben, anapiga Big Ben. Halafu anamwambia mkewe: nenda pale kwenye chemchemi, geuka, punga mkono.

Waliokulia Dar es Salaam au Mombasa watakumbuka mikanda ya VHS ya harusi. Kamera lazima ipite kwenye keki, lazima ipite kwenye masahani ya pilau, lazima imwonyeshe bibi harusi ameinamisha macho. Lakini leo ukiutazama mkanda huo, keki huitazami. Unamtazama jirani aliyepita nyuma na ndoo, na unasema, "Huyu si yule mama wa nyumba ya kona? Alikuwa mzima bado!" Mikanda ya Ulaya ndivyo ilivyo. Kanisa kuu lingalipo na lina picha milioni. Kilichotoweka ni mhudumu wa mkahawa aliyekatiza mbele ya lenzi, mtu anayesukuma mkokoteni wa makaa, watoto wenye kaptura za sufu wanaoikodolea kamera kwa kuwa hawajawahi kuiona. Mpigaji aliwaona hao kuwa wanamharibia picha.

Vita vinaonekana?

Vinaonekana, lakini pembeni. Watalii wengi hawakutaka kuvipiga. Walilipa fedha nyingi kuona majumba ya kifalme, si vifusi. Kwa hiyo vita huingia pale kamera inapogeuka kutoka ngome moja kwenda nyingine bila kuzimwa.

Mfano mzuri ni safari za meli kwenye mto Rhine. Mkanda una mizabibu, ngome, mizabibu, ngome, kisha Köln inatokea: minara miwili ya kanisa kuu imesimama, na kuizunguka hakuna mji, kuna kuta zisizo na paa. London ndivyo ilivyokuwa kuzunguka kanisa la St Paul's. Viwanja vilivyolipuliwa vilimezwa na majani yenye maua ya zambarau, na kwenye filamu ya rangi vinapendeza hadi unasahau kuwa palikuwa na maduka na watu. Baadaye vingi viligeuzwa maegesho ya magari. Rotterdam, iliyopigwa mabomu Mei 1940, inaonekana kama uwanja wa ndege katikati ya mji.

Firenze hunigusa zaidi. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma Agosti 1944 walilipua madaraja yote ya mto Arno isipokuwa Ponte Vecchio. Mtalii wa mwaka 1950 anapiga Ponte Vecchio, daraja pekee lililosalia, na hageuzi kamera hatua chache kulia au kushoto kuonyesha nguzo zilizobaki na vifusi. Lakini mkono ukimtetemeka, unaona.

Wako pia wale waliorudi makusudi. Askari wa zamani wa Kimarekani anampeleka mkewe Normandy, anapiga mchanga mtupu na bahari kwa muda mrefu kuliko alivyopiga kitu chochote Paris. Makaburi ya Wamarekani pale Colleville, yenye misalaba meupe iliyopangwa kama shamba la mkonge, yalizinduliwa mwaka 1956. Katika mikanda ya namna hiyo hakuna anayepunga mkono.

Nitajuaje mkanda ulipigwa mwaka gani?

Hapa ndipo utamu ulipo. Maandishi ya kwenye boksi usiyaamini moja kwa moja, watu waliyatumia tena maboksi. Anza na mkanda wenyewe: Kodak walichapa alama ndogo pembeni mwa filamu, duara, mraba, pembetatu, zikionyesha mwaka ilipotengenezwa. Alama hizo zilijirudia kila baada ya miaka 20, hivyo alama moja yaweza kuwa 1937 au 1957, na ni wewe wa kuamua. Tena huo ni mwaka wa kiwanda. Filamu yaweza kuwa ilikaa kwenye droo miaka miwili kabla ya safari.

Kisha tazama nyuma ya watu. Mnara wa Eiffel uliongezewa antena ya televisheni mwaka 1957, kwa hiyo ncha fupi ni ya kabla ya hapo. Majengo ya Paris yakiwa meusi kwa masizi, uko kabla ya usafishaji mkubwa wa miaka ya 1960 chini ya waziri André Malraux. Yakiwa na rangi ya siagi, uko baada yake. Tramu London ziliondolewa Julai 1952. Daraja la Santa Trinita huko Firenze lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1958, na mwaka huohuo Atomium, jengo lenye umbo la atomu, ilisimama Brussels na baadhi ya mawe yaliyoanguka Stonehenge yakainuliwa. Kwa Ujerumani Magharibi angalia namba za magari: herufi nyeupe juu ya nyeusi ni kabla ya mabadiliko ya mwaka 1956. Berlin, swali ni moja tu, kuna ukuta au hakuna. Ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. Na magari ya Sweden yakipita kushoto, hujafika bado Septemba 1967.

Angalizo: familia nyingi ziliunganisha vipande vya safari tofauti kwenye gurudumu moja kubwa. Niliwahi kubishana na nafsi yangu usiku mzima juu ya mkanda ambao Eiffel ilikuwa na antena na, dakika moja mbele, haikuwa nayo. Zilikuwa safari mbili. Mama alivaa kofia ileile.

Kwa nini daima kuna jua? Ulaya hainyeshi?

Inanyesha sana. Ila Kodachrome, filamu ya rangi waliyoipenda wengi, hadi mwaka 1961 ilikuwa na wepesi wa ASA 10 tu, yaani ilihitaji mwanga mkali kama wa jua la mchana. Siku ya mawingu kamera ilibaki kwenye mfuko, na ndani ya makanisa ndiyo kabisa haikufaa. Wajanja walinunua kadi za posta za michoro ya Sistine Chapel wakazipiga juu ya meza ya hoteli, dirishani. Ukiona dari la Michelangelo limetulia tuli na kona moja ina kivuli cha kidole, ndiyo hiyo.

Kodachrome ikitunzwa gizani rangi zake hudumu ajabu, na ndiyo sababu mkanda wa mwaka 1952 unaweza kuonekana kama wa juzi. Usafishaji wake ulikoma mwisho wa mwaka 2010, kwenye maabara ya mwisho iliyobaki, huko Parsons, Kansas. Ukipata ambao haujawahi kusafishwa, leo utaambulia nyeusi na nyeupe tu.

Ule mwako wa rangi ya chungwa katikati ya mkanda ni nini?

Filamu ya milimita 8 ilikuwa kwa kweli ya milimita 16 iliyopitishwa kwenye kamera mara mbili, kila mara nusu ya upana, kisha maabara waliipasua kwa urefu na kuiunganisha. Katikati ya shughuli mtalii alipaswa kufungua kamera na kugeuza gurudumu, kivulini. Aliyefungua juani alipata mwako. Na aliyesahau kuwa pande zote mbili zimekwisha kutumika, akapitisha tena, alipata gondola za Venezia zikielea juu ya ng'ombe wa Uswisi. Hizo huwa nazitunza pembeni, ni bora kuliko alichokusudia.

Mbona watu wanatembea mbio kama wana jambo?

Zilipigwa kwa picha 16 kwa sekunde, 18 kwa Super 8, kisha mtu akazicheza kwa 24 au 25. Rekebisha mwendo na watatulia.

Sauti iko wapi?

Haikuwapo. Sauti ilikuwa ni baba, amesimama kando ya projekta sebuleni, shuka limetundikwa ukutani, wageni wamepewa karanga, akieleza kila daraja. Kamera za Super 8 za kurekodi sauti zilikuja mwaka 1973, kipindi chetu kimeshapita. Ndiyo maana mkanda bila mtu wa kuusimulia ni nusu.

Na huyo baba mbona haonekani?

Ndiye ameshika kamera. Katika mikanda mingi mke na watoto wametembea Ulaya nzima na baba ni kivuli kirefu kinacholala kwenye ngazi za Acropolis jioni. Mara moja moja kamera inabadilishwa mikono, anatokea, hajui mikono yake aiweke wapi. Kisha sekunde nne tu, anakuja mbele akiwa amenyoosha mkono kuichukua kamera yake. Wanawake walipiga pia, na kwa macho yangu wao walikaa zaidi na watu sokoni kuliko na minara, ingawa sitaapa.

Hizi zinatuhusu nini sisi Waswahili?

Kwa sehemu kubwa hazituhusu, na si lazima kila kitu kituhusu. Lakini nyuzi zipo. Watumishi wa serikali ya kikoloni Kenya, Uganda na Tanganyika walipokwenda likizo kwao walipanda meli Mombasa, kama vile *Kenya* na *Uganda* za kampuni ya British India zilizoanza safari mwaka 1951 na 1952. Mkanda mmoja unaweza kuanza na wapagazi wa Kilindini, ukapita Aden, Suez na Port Said, ukaishia kwenye chai ya bustanini Uingereza. Hifadhi ya nyaraka ya mji wa Bristol ina mkusanyiko mkubwa wa filamu za namna hii. Wa pwani atazitazama dakika zile mbili za mwanzo na kuacha zilizobaki, naye ana haki.

Uzi mwingine unauma. Maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1958 yalipigwa na kila mtalii mwenye kamera: Atomium, vibanda vya nchi, aiskrimu. Humo Wabelgiji walijenga pia kile walichokiita kijiji cha Kikongo, wakawaweka Wakongo hai nyuma ya uzio watazamwe wakifanya kazi za mikono. Watazamaji wengine waliwarushia ndizi. Wakongo hao wakakataa, wakaondoka mwezi Julai maonyesho yangali yakiendelea. Ukikuta mkanda wa Brussels wa mwaka huo, tazama uso wa anayetazamwa. Miaka miwili baadaye, Juni 30, 1960, Kongo ilikuwa huru.

Na moja ni ya kujifurahisha tu. Mwalimu Nyerere alikuwa mwanafunzi Edinburgh kutoka 1949 hadi 1952, miaka ileile watalii walipokuwa wakimiminika kwenye tamasha la mji huo. Kila nikipata Princes Street ya kipindi hicho, wapita njia nawatazama mara mbili.

Nafanya kazi ya kutunza wazee huku Ulaya. Bibi ninayemhudumia ana boksi la mikanda kabatini. Nianzie wapi?

Swali hili naulizwa na Watanzania na Wakenya wengi kuliko mnavyodhani. Kwanza, mikanda si yako. Mwambie bibi mwenyewe na familia yake kabla hujagusa kitu. Pili, hata kama projekta iko palepale, usiiwashe. Filamu ya zamani hunywea, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, na mikanda hii mingi haina nakala. Ule uliopita ndani ya kamera ndio huohuo ulio mkononi.

Fungua mkebe unuse. Harufu ya siki maana yake filamu imeanza kuoza, na hapo nazi mbovu harabu ya nzima: mvuke wake huharakisha uozo wa jirani zake. Itenge. Iliyobaki iwekwe mahali pakavu na baridi, mbali na hita, si darini wala kwenye ghorofa ya chini yenye unyevu. Unga mweupe au utando kama wa buibui ni ukungu. Usifute kwa maji.

Haiwezi kuwaka moto kama filamu za zamani za sinema?

Ile iliyolipuka ilikuwa naitreti ya milimita 35. Kodak walizitengeneza hizi za nyumbani kwa asetati tangu mwanzo, hasa kwa kuwa zingekaa sebuleni.

Kuzihamishia kwenye kompyuta, nidai nini dukani?

Dai wapige picha moja moja kwa skana isiyotumia meno, si kuirusha ukutani na kuirekodi. Dai wakuachie upana wote hadi kwenye ukingo, kwa sababu alama za mwaka ziko huko. Dai umbo libaki lile la karibu mraba. Kuna wanaokata juu na chini ili ijaze televisheni ya kisasa, na wanakata vichwa vya watu. Na rudi na mkanda wako. Diski kuu ya kompyuta itakufa kabla ya Kodachrome.

Naruhusiwa kuzirusha mtandaoni?

Kununua mkanda sokoni si kununua haki zake. Haki huwa za mpigaji na warithi wake, na Ulaya kwa kawaida hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Wakiwapo, waombe.

Naweza kuziona wapi bila kuwa na hata moja?

Bologna kuna hifadhi ya taifa ya filamu za familia za Kiitalia, Norwich kuna hifadhi ya filamu ya East Anglia, na mkusanyiko wa Rick Prelinger, mkusanyaji wa filamu wa Kimarekani, uko Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bure. Tangu mwaka 2003 pia kuna Siku ya Sinema za Nyumbani, ambapo watu katika miji mbalimbali huleta mikanda yao ikakaguliwa na kuonyeshwa hadharani.

Mikanda ya bibi imeshahamishwa, tunaitazama naye. Nimuulize nini?

Washa kinasa sauti cha simu, iweke mezani, uisahau. Usimuulize hapo ni wapi, jengo litajieleza. Muulize nani alibeba mizigo. Walikula nini siku ile, na nani alilipa. Kwa nini dada yake hakuja. Yule mtu mwenye koti la kijivu anayecheka naye kwenye ngazi ni nani, na mbona katika mkanda unaofuata hayumo. Akinyamaza, nyamaza naye, filamu iendelee.